Soko Jipya la Ghalani

Habari ililetwa na Cassian, mwenyekiti wa kitongoji, akihema kwa furaha kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Mfuko wa Tukwatanise ulikuwa umelikubali ombi la senta ya Ghalani. Barabara ingechongwa upya kutoka njia panda hadi kwenye kisima, mitaro ingejengewa kwa mawe, taa za sola zingesimamishwa, na katikati ya senta lingejengwa soko lenye vizimba vya saruji. Wanawake waliokuwa ndani ya ghala walipiga vigelegele. Hata Kokuhirwa alipiga. Nani asiyejua jinsi senta ile ilivyokuwa imekufa? Tangu ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kijijini Igurwa na watu wakaanza kuing'oa migomba yao kwa mikono yao wenyewe, maduka yalifungwa moja baada ya jingine, na vijana wakahamia Kayanga na Omurushaka. Kama Mfuko ungeifufua Ghalani, basi Mungu alikuwa amewakumbuka.

"Na soko lenyewe litakaa wapi?" Kokuhirwa akauliza.

Cassian aliinua macho akaangalia mabati juu yao, kisha akayashusha.

"Hapa, Ma Koku. Hakuna kiwanja kingine cha umma."

Vigelegele vilikatika. Ghala lile lilijengwa zamani kwa ajili ya kahawa, likatelekezwa, na wakati huo lilikuwa mikononi mwa kikundi cha Tubarere, maana yake tuwalee. Wanawake wa Tubarere walishinda humo na watoto ambao hawakuwa na pa kushinda: wasiotembea, wasiosema, wenye mtindio wa ubongo, wenye kifafa. Mama zao waliwaleta asubuhi mgongoni, wakaenda kulima au kutafuta kibarua, wakarudi kuwachukua jioni. Unga wa uji, magodoro na posho ya walezi wawili vilitoka kwenye ruzuku ya Mfuko huohuo wa Tukwatanise, ulioanzishwa na wenyeji wa Karagwe na Kyerwa walioko Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam.

"Na ruzuku yetu sisi?"

"Mwaka huu vikundi vidogo havimo," Cassian alisema polepole. "Fedha zote zimeelekezwa kwenye kuboresha mtaa. Lakini waitu, jamani, si ni maendeleo yetu sote?"

Kokuhirwa aligeuka. Alimtazama Dastan, mtoto aliyekuwa amelazwa karibu na mlango akifuata mwanga kwa macho.

Huyo Dastan ndiye aliyemwingiza katika kazi hii. Kokuhirwa, mjane aliyestaafu uhudumu wa zahanati, alipita siku moja nyumbani kwa jirani yake Jovitha kuomba makaa. Mlango ulikuwa na kufuli, lakini ndani mlikuwa na sauti, kama ya mbuzi aliyenaswa. Alichungulia kwenye ufa akaona mtoto amelala chini juu ya gunia, na kuku akimdonoa kidonda cha nyonga. Mtoto alishindwa hata kumfukuza. Kokuhirwa alivunja kufuli kwa jiwe. Jovitha aliporudi kutoka kwenye kibarua, jembe begani, alimkuta mwanawe amelala mapajani mwa jirani, akaketi chini palepale akalia. Hakuwa mama mbaya. Mume alikuwa amemkimbia alipoona mtoto hakai, na ardhi aliyoachiwa haikutosha hata mgomba wa kuegemea. Angefanya nini? Ambebe mgongoni huku analima, mtoto mwenye uzito ule?

Tangu siku hiyo Dastan hakufungiwa tena. Alijifunza kumeza bila kupaliwa, akajifunza kucheka. Alimwita Kokuhirwa "Ko", na kwa Kokuhirwa, ambaye watoto wake walikuwa mbali wakihangaika na maisha yao, silabi ile ilikuwa kama salamu ya askofu.

Wiki hiyohiyo ya habari ya soko, Kokuhirwa alivaa gauni lake la kanisani, akapanda bodaboda hadi Kayanga, kwenye ofisi ya Mfuko. Mratibu alikuwa Rwezaura, kijana mtanashati mwenye miwani, mzaliwa wa Igurwa. Kokuhirwa alimkumbuka akiwa kinda la darasa la kwanza, akichomwa sindano za surua na kupiga kelele.

"Shikamoo mama," alisema Rwezaura, akasimama na kumvutia kiti.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kukuomba usituue."

Rwezaura alicheka kidogo, halafu akaona mgeni hachezi. Akavua miwani.

"Mama, naomba unisikilize. Wajumbe wamechoka kutoa fedha za uji. Uji unaliwa, unaisha, mwakani tunaombwa uji tena. Wanaochangia Mfuko wakija Krismasi wanataka waonyeshwe kitu. Barabara inaonekana. Soko linaonekana."

"Na watoto hawaonekani?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, mwanangu. Watoto hawa wamefichwa maisha yao yote. Sisi ndio tuliowatoa uani. Mkilibomoa lile ghala bila kutupa pengine, wanarudi kwenye giza. Simaanishi giza la mafumbo. Namaanisha kufuli."

Nje mashine ya kukoboa ilikuwa ikinguruma. Rwezaura aliinamia meza.

"Kwenye ramani ya soko kuna chumba cha pembeni. Nitawasemea mkipate. Nakuahidi, mama. Vumilieni tu kipindi cha ujenzi."

Kokuhirwa alishika mkono wake kwa mikono miwili. Alirudi Igurwa na ahadi hiyo kama mtu aliyebeba yai kiganjani, akawatangazia akina mama: tutabanana kwa muda, kisha tutapata chumba cha saruji, chenye dirisha.

Ghala lilibomolewa mwanzoni mwa mvua za vuli. Magodoro yaligawanywa, kila mama na lake. Walezi wawili, posho ilipokoma, waliaga kwa aibu. Mmoja akaenda Kyaka kuuza chakula, mwingine akaolewa Kamuli. Kokuhirwa akabaki na miguu yake. Kila asubuhi alizunguka nyumba hadi nyumba kwenye tope, akiwageuza watoto, akiwanyoosha viungo, akiwapaka mafuta penye michubuko. Kufika nyumba ya mwisho, jua lilikuwa limeshapinda na yule wa kwanza alikuwa amelowa tena. Kufuli zilirudi. Hakumlaumu mtu. Mama mmoja, Prudensia, alimwonyesha alivyomfunga binti yake kiunoni kwa kitenge kwenye mguu wa kitanda, ili asitambae mpaka motoni.

"Nimeacha kamba ndefu kidogo," Prudensia alisema, kana kwamba anaomba asamehewe. "Anafika mpaka mlangoni."

Jovitha naye alianza kumfungia Dastan. Kokuhirwa alipewa ufunguo wa pili, akawa anapita mchana. Mtoto alianza kukonda. Akaacha kucheka. Akifunguliwa mlango alikaza macho kwa sababu ya mwanga, na ile "Ko" ilichelewa kutoka, halafu ikawa haitoki.

Soko lilikua huku wao wakididimia. Kila mtu alilisifu, na lilistahili sifa: paa jekundu, sakafu inayong'aa, mitaro ambayo kwa mara ya kwanza ilizuia maji ya mvua kuingia madukani. Mangi mmoja, Mchaga aliyekuwa amehama, alirudi akafungua duka lake. Kokuhirwa alipita hapo mara kwa mara kutazama kile chumba cha pembeni. Siku aliyokuta kimepakwa rangi na fundi anaweka kaunta ya mbao, alimuuliza ya nini.

"Wakala wa benki," fundi alisema. "Ameshalipia pango."

Alimpigia Rwezaura simu palepale, amesimama kwenye vumbi la saruji. Rwezaura hakupokea. Alipokea jioni.

"Mama, nilisema. Naapa nilisema kwenye kikao. Waliniambia soko lazima lijiendeshe, na chumba kile ndicho kitakacholipa mlinzi na umeme. Nilikuwa mmoja, mama."

"Ungeniambia."

"Nilishindwa nianze vipi."

Kokuhirwa alikata simu. Alikaa kizingitini kwake mpaka baridi ikamwingia mifupani. Alisali, lakini maneno hayakupanda. Yalimrudia mdomoni kama uji wa Dastan.

Uzinduzi ulipangwa kufanyika Jumamosi. Siku hiyo alfajiri Kokuhirwa alipita kwa akina mama mmoja mmoja, akawaambia jambo moja: leteni watoto. Baadhi walikataa kwa hofu. Waliokubali waliwabeba mpaka sokoni, wakatandika mikeka kwenye sakafu mpya, wakawalaza watoto katikati ya vizimba ambavyo bado vilikuwa vitupu. Jovitha alimketisha Dastan, akamwegemeza kifuani mwake. Kokuhirwa alisimama mbele yao.

Cassian alifika, akaona, akashika kichwa.

"Ma Koku, mawe, mama yangu! Unaniua! Wageni wako njiani!"

"Waje. Na wao si wanataka kuonyeshwa kitu?"

"Nitaita mgambo."

"Waite. Waambie wabebe vizuri, huyu wa bluu shingo yake haishiki."

Mgambo walikuja, vijana wawili wa palepale Igurwa. Walisimama wakiangalia mikeka, wakatazamana, hakuna aliyeinama. Ndipo magari yakaingia. Alitangulia kushuka Rwezaura, na alipoiona ile mikeka rangi ilimtoka usoni. Nyuma yake alikuja mwenyekiti wa Mfuko, Mzee Elipidius, mfanyabiashara wa Bukoba mwenye mvi na sauti ya upole. Kokuhirwa alikuwa ameyapanga maneno yake usiku kucha. Alikuwa tayari kufukuzwa, tayari kukokotwa, tayari hata kulala mahabusu. Kwa hilo lililofuata hakuwa tayari.

Mzee Elipidius alifungua mikono.

"Aa! Hawa ndio watoto wetu wa Tubarere!" alisema kwa furaha ya kweli. "Nimekuwa nikiwasikia miaka yote. Karibuni, karibuni kwenye soko lenu!"

Akaagiza soda na biskuti. Akachuchumaa kwenye mkeka, akamshika Dastan kidevu, akaita mpiga picha. Watu walipiga makofi. Akina mama, waliokuja na mioyo ya vita, walijikuta wakipokea soda kwa mikono miwili na kusema asante, kwa sababu mzee mwenye mvi akikupa kitu kwa tabasamu utafanya nini? Kokuhirwa alisogea.

"Mzee, shikamoo. Watoto hawa hawana mahali. Hapa ndipo palikuwa pao."

"Marahaba, dada. Tutalizungumza," alisema Mzee Elipidius, akamshika bega kwa wema. "Mwone mratibu wangu."

Utepe ukakatwa. Padri na mchungaji wakabariki. Ngoma ikapigwa, na kelele zikamtia mtoto mmoja kifafa. Mama yake akambeba haraka nyuma ya choo kipya ili asiwaharibie watu sherehe. Magari yalipoondoka, Cassian alikuja na ufagio akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa ni lazima waondoke, mikeka inachafua. Mwezi uliofuata kalenda ya Mfuko ilitundikwa madukani. Juu kabisa alikuwa Dastan, soda mkononi, na chini yake maandishi ya kumshukuru kila aliyechangia.

Mwaka mpya ulipoingia, Dastan alipaliwa na uji uliomrudia kooni. Jovitha alikuwa Kamuli kwenye kibarua cha kupalilia kahawa, na Kokuhirwa alichelewa kufika kwa sababu ya mvua. Alimkuta amelala chali, midomo imegeuka rangi, kifua kikikoroma. Alimbeba mwenyewe, mwanamke wa umri ule, mpaka barabarani, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita. Hospitalini walifyonza uji uliokuwa umemwingia mapafuni, wakampa oksijeni, na baada ya wiki mbili wakamruhusu. Alikuwa hai, ila alikuwa amebaki mifupa, na daktari alisema wazi kwamba akipaliwa tena hivyo hatarudi.

Rwezaura alikuja wodini siku moja, bila miwani, na bahasha ambayo Kokuhirwa aliirudisha bila kuifungua.

"Ni yangu, mama, si ya Mfuko."

"Najua. Mpe Jovitha. Mimi usinipe, nitakusamehe kabla sijawa tayari."

Kutoka hospitali Kokuhirwa alimpeleka Dastan nyumbani kwake moja kwa moja. Akamhamisha na Jovitha, wakalala chumba cha wanawe. Habari zilienea. Asubuhi ya kwanza mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni, akaomba amwache mpaka jioni tu. Kesho yake wakaja wawili. Hakuna aliyewaita. Kokuhirwa aliwapokea, akawalaza sebuleni wamebanana, akawa anahama kwa magoti kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Akimlisha huyu, yule alikuwa anapaliwa. Siku moja aligundua kwamba hajamgeuza mtoto mmoja tangu asubuhi. Hakuwa amemsahau, mikono ndiyo iliyokuwa haipo.

Ndipo akaja Prudensia. Alisimama uani na binti yake mgongoni, kitenge kimelowa, na kiunoni mwa mtoto kulikuwa na alama nyekundu ya kufungwa.

"Ma Koku, nimepata kazi ya kupika shuleni. Waitu, nisaidie."

Kokuhirwa alifungua mdomo kusema karibu. Kutoka ndani alisikia kikohozi cha Dastan, kile kikohozi kipya cha kubana. Aliuangalia mlango, akamwangalia mtoto.

"Siwezi," alisema. Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mama yeyote. "Nikimchukua huyu, nitamuua mmoja kati ya wale walio ndani. Siwezi, mwanangu."

Prudensia hakubisha. Alikaza kitenge, akamwinua mtoto kidogo mgongoni.

"Nakuelewa, ma," alisema.

Alishuka polepole njia ya kibanja, shamba la nyumbani, miguu ikiteleza kwenye tope, kichwa cha mtoto kikiyumba huku na huku. Kokuhirwa alitaka kumwita. Alishika mhimili wa baraza kwa mikono yote miwili ili asimwite, na alipomwona ametokomea kwenye migomba ya jirani, kikohozi kikaita tena, naye akageuka akaingia ndani.