Kikombe cha Olkiloriti

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwenye kiwanda cha saruji, Wamalwa alikunywa kikombe cha olkiloriti, na kila asubuhi mkewe Namalwa alitazama kando. Ni mizizi ya mti wa porini, inachemshwa mpaka maji yawe mekundu, na ni michungu, wacha tu! Aliinunua kwa mama mmoja Mmaasai pale sokoni Kitengela. "Supa, baba! Hii itakupatia kijana," mama huyo alimsalimia kwa Kimaasai mbele ya watu, na watu wakacheka. Jirani yao Nzomo ndiye hakuwa na haya kabisa. "Baba Valerie, injini bado inakataa kushika?" Wamalwa alicheka naye. Mwanaume mpole yule, mpaka anaudhi.

Sasa ukweli ni huu, na Namalwa peke yake ndiye aliyeujua. Alipomzaa Valerie mwaka wa tisini na saba alitokwa na damu nusura afe, akaapa moyoni kwamba harudi leba tena. Angemwambia mumewe. Hakumwambia. Kila baada ya miezi mitatu alisema anaenda Kajiado kununua nyama ya bei nafuu. Huko, ambako hakuna aliyemjua, alidungwa sindano ya kupanga uzazi, kisha akarudi na kilo mbili za mbuzi kama ushahidi. Miaka minne! Wamalwa akiomba mtoto kanisani, yeye alisema amina kwa sauti.

Siku Namalwa alipomwona mumewe mara ya kwanza akikunja uso juu ya kile kikombe, aibu ilimshika, akaacha sindano. Alidhani mwezi ujao tu atapata mimba, mumewe aisifu dawa yake, na siri ife hapo. Akili gani hiyo, jamani? Mwili si taa ya stima, uzime na uwashe.

Miezi ikapita, hedhi hakuna. Kichwa kilimgonga. Chunusi zilimtoka kidevuni kama msichana wa shule. Matiti yalipoanza kuuma alifikiri ni mimba, akapima, hakuna kitu. Mwezi wa saba tangu sindano ya mwisho alirudi Kajiado kwa Sista Jacinta, yule muuguzi aliyekuwa akimdunga.

"Nimeharibika, Sista?"

"Hujaharibika. Dawa ya sindano inatoka mwilini polepole. Wengine wanakaa miezi kumi, wengine mwaka na zaidi, ndio washike mimba. Mzee anasemaje?"

Namalwa alitazama viatu vyake.

"Mficha uchi hazai, mama," Sista Jacinta alisema, na hakutabasamu.

Alirudi nyumbani na bado hakusema. Asubuhi iliyofuata alichemsha olkiloriti kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea mumewe mezani. Hapo ndipo alipojichukia kabisa.

Hedhi ilirudi Jumamosi moja, miezi kumi na mmoja tangu ile sindano ya mwisho. Namalwa alilia chooni kwa furaha, kisha akakumbuka hana wa kumwambia. Alipotoka alimkuta Wamalwa mezani, kikombe mkononi, amefumba macho tayari kumeza.

Akakinyakua. Akanywa chote, uchungu ukampanda mpaka masikioni.

"Si wewe, Baba Valerie. Shida haikuwa wewe hata siku moja."

Akamwambia yote: damu ya leba, Kajiado, sindano, nyama ya mbuzi. Alingoja atukanwe, hata afukuzwe, angeshukuru.

"Kwa nini hukuniambia unaogopa?"

"Niliona haya."

Wamalwa alikigeuzageuza kile kikombe kitupu. "Krismasi ile tulipoenda nyumbani Bungoma, mama na wazee walinitafutia msichana. Walisema tumbo lako limefunga, nioe mwingine. Nikawaapia uongo kwamba nimepimwa na daktari, shida ni yangu. Sasa nitawaambia nini?"

Namalwa alitamani ardhi ipasuke. Mwanaume alikuwa amejivika aibu ya mkewe, mbele ya ukoo mzima, na yeye akimchemshia dawa.

"Nitawaambia mimi," alisema. "Nitasimama mbele yao wote."

Wamalwa alichukua sufuria ya olkiloriti, akatoka nayo, akaimwaga mlangoni mchana kweupe, Nzomo akitazama.