Mlezi Hayupo

Yule mama ni dobi wa hospitali, anafua mashuka ya wodini kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Siku hiyo aliingia ukumbi wa semina sare bado imelowa tumboni, mkononi ana karatasi kutoka mahakamani, na wala hakupiga hodi.

Mambo yenyewe ni hivi. Binti yake wa miaka kumi na nne alirusha jiwe, likapasua kioo cha gari la mwalimu mkuu. Kosa lipo, mama hakatai. Hakimu akasema mtoto angoje kesi nyumbani, ila kwanza afisa wa uangalizi aende kwao aone kama kuna wa kumlea. Afisa akaenda mara tatu. Mara tatu akaandika: mlezi hayupo. Kwa hiyo kesho asubuhi binti anatolewa kituo cha polisi anakoshikiliwa, anapelekwa mahabusu ya watoto.

Na mara zote tatu alikwenda saa nne asubuhi.

Ukumbini kulikuwa na maafisa wa uangalizi kama arobaini, kila mtu na begi jipya la semina. Ukutani wamebandika kwa herufi zilizoshiba: KUISHIRIKISHA FAMILIA. Dobi akasoma, akacheka kile kicheko cha mtu anayetafuta jiwe.

"Nani kati yenu alikuja kwangu?"

Mkufunzi, jamaa wa tai nyekundu, akatabasamu. "Karibu mama. Tuko kwenye mafunzo, labda usubiri..."

"Sijaja kwako, baba. Namtaka bingwa wa kuandika hayupo."

Mstari wa nyuma, dada mmoja mwembamba akanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Ni mimi, mama."

"Ulitegemea saa nne unikute mlangoni nahesabu mawingu?"

"Gari ni moja ofisi nzima, na saa tisa liwe limerudi. Halafu hii fomu mpya ndivyo tulivyofundishwa. Ziara tatu bila kumkuta mtu, mlezi hayupo. Haina sehemu ya kuandika yuko kazini."

"Jirani yangu ana mdomo. Ulimuuliza?"

"Fomu haina sehemu ya jirani."

Watu wakacheka chinichini. Dobi akawageukia, wakaacha.

"Jamani, huu ni mfano hai," mkufunzi akasema. "Mama, hebu kaa hapa mbele tuujadili."

"Mimi si mfano. Mimi nina mtoto." Akamrudia yule dada. "Leo nipo. Twende ukanione."

"Gari limekwenda kuchukua vyeti."

"Na miguu yako nayo ni ya ofisi?"

Mkufunzi akakohoa, akakumbusha kwamba asiyemaliza siku hapati cheti. Dada akamtazama, akalitazama begi, akaliacha kwenye kiti. Akabeba faili tu.

Ilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Dobi mbele, hageuki. Dada nyuma, viatu vinamng'ata.

"Nisamehe, mama."

"Tembea."

Chumba kilikuwa kimoja, vitanda viwili. Sare ya shule imepigwa pasi, inaning'inia msumarini, inamsubiri mwenyewe. Dada akaitazama hiyo sare muda mrefu. Halafu akatoa fomu, akaandika pembeni, kwenye ukingo mweupe pasipotakiwa kuandikwa kitu: Mlezi yupo. Mchana anafanya kazi. Nimefika kwake, nimemwona. Akasaini.

Kesho yake hakimu aliusoma ule ukingo mara mbili, akamwangalia dada, akamwachia binti aende na mama yake.

Nje ya mahakama dada alikuwa anangoja, labda asante. Dobi alikuwa amemshika binti mkono utadhani anamfunga pingu upya.

"Hivi wale wengine uliowaandika hayupo, wako wangapi?"

Dada akafungua faili, akapekuapekua. "Kumi na moja."

"Kumi na moja." Dobi akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye vile viatu. "Basi anza leo jioni. Na uvae ndala."