Hatua ya Mwisho ya Bibi Etelka

Senka alimdharau Gojko tangu wiki ya kwanza, na miaka minne ya kuketi naye chumba kimoja pale mjini Novi Sad haikuipunguza dharau hiyo hata chembe. Gojko ndiye aliyekuwa mkuu wa mafundi. Alisema "kitaalamu" kila baada ya sentensi mbili, na asubuhi alikula bureki, andazi la jibini lenye mafuta, juu ya kibodi, makombo yakizama katikati ya herufi.

Kampuni yao iliendesha mashindano ya sataranji mtandaoni. Kati ya kompyuta za wachezaji na mashine iliyoamua michezo ilisimama programu ya Gojko, tarishi wa kupokea ujumbe huku na kuufikisha kule, pande zote mbili kwa wakati mmoja, mpaka mchezo uishe. Aliiandika peke yake, na hakutaka mtu aiguse.

Jumanne hiyo simu ikalia tena kutoka mji wa Subotica. Alikuwa Bibi Etelka, mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikuwa amemfunga mfalme wa mpinzani kwa farasi, akauona ushindi kwenye skrini, halafu matokeo yakatoka kwamba ameshindwa kwa kuishiwa muda. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo.

"Mama, huo ni mtandao wako," Gojko alimwambia huku akitafuna. "Kitaalamu, laini ya huko kwenu ni mbovu. Mwambie mjukuu akuangalizie."

"Sina mjukuu. Na laini yangu haina neno."

Gojko alikata simu. "Vikongwe na kompyuta. Kumpigia mbuzi gitaa."

"Umeangalia kumbukumbu za seva?" Senka aliuliza.

"Za nini? Majaribio yote yamepita, dada. Kijani kitupu."

Senka alivuta kibodi chake. Alilifungua jaribio lililopima programu hiyo akalisoma. Lilituma hatua ya mchezaji, likangoja sekunde moja, ndipo likafunga mawasiliano. Sekunde nzima! Katika muda huo hata ujumbe wa kobe ungefika. Akaifuta ile sekunde, akaliendesha jaribio mara mia mbili. Lilianguka mara sitini na tatu.

Sababu ilikuwa ya aibu. Mchezaji akishinda, ukurasa wake ulituma hatua ya mwisho na kufunga mawasiliano papo hapo. Tarishi wa Gojko, akisikia mlango wa upande mmoja umefungwa, alibamiza na wa pili, na ujumbe aliokuwa bado ameushika mkononi akautupa; mashine ikabaki kungoja hatua hiyo mpaka muda wa mchezaji ukaisha.

"Njoo uone kijani chako," Senka alisema.

Gojko alitazama, akajifuta vidole kwenye suruali. "Si jaribio la haki hilo. Nani anafunga haraka hivyo?"

"Ukurasa wetu. Umeuandika wewe."

Gojko alisogelea skrini, akasoma tena.

"Na hii sekunde uliiweka ya nini?"

"Jaribio lilikuwa linafelifeli. Likanichosha."

Kumbe alijua. Miaka yote Senka alimhesabu kuwa mjinga tu, na sasa aliona alikuwa amemheshimu kupita kiasi. Mjinga asingeuona ugonjwa. Huyu aliuona, akamziba mgonjwa mdomo.

Kurekebisha kulichukua mistari sita: peleka kwanza ulichoshika, hakikisha kimefika, ndipo ufunge. Jaribio likaendeshwa mara elfu mbili bila kuanguka. Kwenye daftari la mabadiliko Gojko aliandika "Maboresho madogo ya kasi." Senka akayafuta maneno hayo mbele yake, akaandika kilichotokea. Kisha akapiga Subotica na kumsukumia simu.

"Mwambie."

"Mama," Gojko alianza, "kitaalamu, kuna hali fulani ya..."

"Kijana, sema tu," Bibi Etelka alimkatiza.

"Programu yangu ilikuwa inaitupa hatua yako ya mwisho."

"Ile michezo mitatu?"

"Mitatu."

"Na wenzangu je? Ni wangapi?"

Gojko alimgeukia Senka kama mwanafunzi anayeomba jibu. Senka alichukua simu, akamwambia Bibi Etelka kwamba watahesabu, akaikata. Alivuta kiti, akafungua kumbukumbu na kuanza kutafuta kila mchezo uliokatwa vile. Kufikia saa kumi jioni walikuwa wachezaji arobaini na mmoja. Alichapisha orodha yenye namba zao za simu, akaiweka juu ya kibodi chenye makombo.

"Anza na wa juu," alisema, akachukua koti lake kwenda kula. Nyuma yake alimsikia Gojko akibonyeza namba, taratibu, kama mtu anayetumaini hakuna atakayepokea.