Tundu la Kumi na Tisa

Tundu la kumi na nane lilikuwa chini ya dirisha la chumba cha nyuma, dogo la kupitisha kidole gumba, na Fundi Nyoosha alilikandika saruji kama mtu anayelipiza kisasi. Akalisawazisha kwa mwiko, akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama, akaenda kulisawazisha tena ingawa lilikuwa sawa. Jina lake alilipatia huko. Hawezi kupita mbele ya kitu kilichopinda akakiacha. Siku moja alikwenda kutoa pole msibani, akaonekana anainyoosha kalenda ya wafiwa ukutani.

Mtaa mzima ulisimama wima kwa mikono yake. Nyumba iliyokuwa na matundu ni yake mwenyewe, na alfajiri hiyo, alipoizunguka kwa mara ya kwanza na macho ya fundi, alihesabu kumi na tisa.

Jana jioni mkewe alikuwa anaanua nguo alipomwona swila kando ya pipa la maji. Nyoka aliinua kichwa, akatanua shingo, na mama wa watu akabaki na shuka mkononi, mguu hauendi mbele wala nyuma. Kisha nyoka akajishusha, akateleza kuufuata ukuta, akapotea. Swila ndiye yule anayetema sumu akilenga macho. Siku nyingine fundi angesema tutaona. Lakini binti yao wa pekee alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, leo alasiri anaruhusiwa kutoka hospitali, mumewe yuko safarini kikazi, na alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba anataka kupona kwao, chumbani mwake, mama yake akiwa karibu. Mama mkwe wake alishapiga simu mara mbili kusema kwake kuna nafasi ya kutosha. Fundi alijua ni kweli, maana nyumba ile aliijenga yeye.

Hakutaka mjukuu wake wa kwanza alale kwingine. Hilo alikuwa hajamwambia mtu, lakini lilimwasha tangu usiku.

Saa nne akaziba la kumi na tisa, lile la chini kabisa, pembeni mwa chumba hichohicho, linaloelekea kwenye ua wa miti. Akanawa mikono. Akamwita jirani yake mshona viatu aje aone kazi, na jirani akaja na kiatu cha mtu mkononi, akasema sasa hapa hata sisimizi atabisha hodi. Fundi akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mkewe akaingia chumba cha nyuma kutandika kitanda.

Alitoka kinyumenyume, polepole, akauvuta mlango mpaka ukashika.

"Mzee," alisema, "yumo humu ndani."

"Nani?"

"Nimeona mkia. Umeingia kwenye vigae vyako, chini ya kitanda."

Vigae hivyo vilikuwa masalia ya kazi za watu, maboksi nusunusu aliyoyasukumia mle kwa miaka kumi akisema yatafaa. Fundi alitazama ukuta wake mbichi, laini, usio na hata ufa. Tangu alfajiri alikuwa anamjengea nyoka nyumba.

"Umemfungia," mkewe akasema, na hakuwa anatania.

Jirani alikuwa na dawa tatu: vitunguu saumu, mafuta ya taa, na kipande cha tairi kilichochomwa moto. Kila moja ilimsaidia mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kuonana naye. Mke wa fundi hakumsikiliza; alimpigia simu mkamata nyoka, ambaye namba yake ilibandikwa kwenye mlango wa duka la dawa. Yule bwana alikuwa mbali, angefika kesho asubuhi. Aliwaambia wasimfukuze, wasimwage kitu chochote, waweke nguo chini ya mlango, wafungue njia moja tu usawa wa sakafu, upande wenye miti, kisha wakae mbali na wanyamaze. Na asipotoka? Asipotoka, alisema, asilale mtu humo mpaka nifike.

Basi fundi akavaa miwani yake ya vumbi, akapiga magoti akiwa amegeuza uso, akaanza kulikwangua tundu la kumi na tisa. Saruji ilikuwa imeanza kushika. Ilitoka vipande vipande, na kila kipande kilimuuma kama anang'olewa jino. Tundu lilipofunguka, akaruka nyuma kwa kasi ambayo magoti yake yalikuwa yameisahau.

Akachekecha mchanga, ule laini wa lipu ya mwisho, akaumwaga mbele ya tundu na kuusawazisha kwa ubao mrefu mpaka ukawa kama shuka lililopigwa pasi. Nyoka akipita, mchanga utasema. Kisha akageuza ndoo, akaikalia, akasubiri.

Kusubiri hakukuwa kazi yake. Jani likadondoka juu ya mchanga. Akaenda kulitoa, akasawazisha. Kuku wa jirani akakatiza, akamfukuza, akasawazisha. Upepo ukachora mistari, akasawazisha. Saa saba mkewe aliegemea nguzo ya baraza, akamtazama akiinuka kwa mara ya sita au ya saba.

"Mwache," alisema. "Kila ukienda unamrudisha ndani."

"Mchanga haukukaa vizuri."

"Mchanga umekaa vizuri. Wewe ndiye hujakaa."

Alikaa. Aliwaza vigae, aliwaza miaka kumi, aliwaza jinsi alivyozoea kurudi jioni kutoka kwenye kuta za watu na kutoziona zake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu atamani kuvua jina lake. Mkewe alipoondoka na teksi kwenda hospitali, akainuka tena na ubao.

Saa tisa na nusu teksi ilirudi. Binti alibaki ndani, mlango wazi, mkono mmoja tumboni penye mshono na mwingine umembeba mtoto. Mama yake alikuwa amemweleza yote njiani. Fundi alisogea, akainama, akamwona mjukuu. Mtoto alikuwa macho. Macho meusi, yamefunguka sana, yanatazama kila kitu na hayajui kukwepa chochote.

"Ametoka, baba?" binti akauliza.

Fundi akaenda nyuma ya nyumba kuangalia. Juu ya mchanga palikuwa na mstari, hafifu, umepinda kidogo. Unaweza kuwa wa nyoka. Unaweza kuwa wa bawa la kuku, au wa tawi lililoburutwa na upepo. Alichuchumaa kwa umbali wake, akautazama mpaka machozi yakamtoka. Hapakuwa na mwingine aliyeuona. Angesema ametoka, wangemwamini, na mtoto angeshushwa kwenye gari na kuingizwa ndani. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

Alirudi kwenye gari.

"Sijui, mwanangu."

Binti alimvuta mtoto kifuani. "Nilitaka hapa," alisema.

"Najua. Nenda kwa mkweo. Mwambie akupe chumba cha pili, mkono wa kulia. Nilikipiga lipu mwenyewe, hakina hata ufa."

Aliuinua mkoba wa binti, akaubana vizuri miguuni pake usije ukamgusa mshono. Mkewe alipanda mbele, akamshika fundi bega kidogo kabla ya kufunga mlango. Gari likaondoka. Fundi alisimama barabarani muda mrefu, hata mshona viatu akaona afadhali asimsemeshe.

Aliporudi na kufika pembe ya nyumba, akaganda hapo. Swila alikuwa anatoka tunduni. Kwanza kichwa, kikasimama kidogo, kisha mwili, mweusi na mrefu kuliko alivyodhani, taratibu, kama mwenye nyumba anayekwenda matembezini. Aliuvuka mchanga wote. Akaingia kwenye miti, majani yakatikisika, yakatulia.

Fundi alitoa simu. Ilipopokelewa, alisikia kwanza sauti ya mlango ukifungwa bila kugonga, mlango alioupachika yeye.

"Tumefika, baba," binti alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto ameshalala. Huko vipi?"

Alifungua mdomo kumwambia. Akakumbuka kwamba ameona mmoja akitoka, walioingia hakuwaona.

"Mwache alale," alisema.

Akaenda akaukazia macho mlango wa chumba cha nyuma kwa muda, kisha akaondoa nguo iliyokuwa chini yake, akaingia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa nusu. Akapanda juu yake, akakunja miguu yote miwili, viatu mkononi, akakaa anaitazama sakafu aone kama kuna mwingine, na mwanga wa tundu lile dogo ukawa unapanda ukutani polepole.