Kompresa ya Shemeji

Shemeji alitokea nyuma ya nyumba akijifuta mikono kwa kitambaa, kama daktari anayekuja kuwapa ndugu habari mbaya.

"Kompresa imekufa," akasema. "Pole sana, shemeji."

Mzee Lawama, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita na yeye mwenyewe akijua, aliuliza kompresa ndiyo nini. Akaelezwa kwamba ndiyo moyo wa kiyoyozi, lile dude zito ndani ya boksi la nje, linalosukuma gesi. Kisha shemeji akataja bei, akasema angerudi kesho saa kumi kuchukua pesa.

Mzee alikaa. Hakuwa amepanga kukaa, wala kiti hakikuwepo. Alikalia ndoo iliyopinduliwa. Bei ile ilikuwa pensheni yake ya miezi saba, na pensheni yenyewe aliipata kwa kupakia magunia ghalani miaka thelathini na moja, hadi mgongo ukajikunja kama upinde.

"Ni umeme huo," akasema palepale ndooni. "Wanaukata, wanaurudisha kwa kishindo, vitu vinaungua, na bili wanaleta ileile. Wakubwa wenyewe wanalala kwenye baridi ya bure!"

"Ni umeme tu, shemeji," yule mwingine akadakia upesi. "Hapo umenena."

Chumbani alilala mama mkwe wake, ambaye ndiye mama mzazi wa shemeji, mwaka wa tatu huo hajasimama. Mgongo wake ulishafanya vidonda kwa jasho, na muuguzi alisema wazi kwamba chumba kikiwa na joto havitapona. Marehemu mkewe Mzee Lawama alimwachia neno moja tu alipokuwa anaondoka: "Mama asilale kwenye joto." Neno la namna hiyo halina mjadala. Na ndani ya nyumba kitu kilichobaki cha kuuzika kilikuwa cherehani ya marehemu, ambayo bado ilikuwa na uzi mwekundu kwenye sindano, vilevile alivyoiacha.

Akachukua bili ya umeme, akaigeuza, akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la nne: CHERAHANI INAUZWA. SABABU KOMPRESA YA KIYOYOZI. WALAANIWE WAKUBWA WA UMEME. Akaibandika kwenye mlango wa duka la mtaani.

Kesho yake mchana mwanamke mmoja alibisha hodi. Alivaa ovaroli, na spana zilimning'inia kiunoni.

"Ndiyo hapa wanapolaani wakubwa?"

"Ndiyo hapa. Umekuja kwa cherehani?"

"Cherehani siitaki, mzee wangu. Mimi hata kifungo nashonewa. Ni fundi wa viyoyozi, nimesoma tangazo lako nikacheka, halafu nikajiuliza: nani kasema kompresa imekufa? Alipima?"

"Alipima. Aliweka sikio."

"Sikio!" Fundi akashika kiuno. "Hebu nionyeshe."

Wakazunguka, lakini kwenye kona ya nyumba Mzee Lawama akasimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

"Mbona husogei?"

"Shemeji hunikataza. Kila mwaka akija kujaza gesi tunafunga dirisha, nami nakaa ndani. Anasema inaua mapafu."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka kabla ya joto. Si huwa inaisha?"

"Baba yangu, hiki si jiko. Gesi yake haiungui, inazunguka humohumo. Ikipungua, ujue pana tundu, na tundu huzibwa kwanza. Anayejaza kila mwaka bila kuziba anateka maji kwa pakacha."

Akapiga magoti kando ya boksi. Ghafla akainamisha kichwa kutazama kofia mbili ndogo za shaba zilizofunika mahali mabomba yanapoingilia. Zilikuwa za kijani.

"Nani alipaka rangi hizi?"

"Marehemu mke wangu. Miaka sita sasa. Alipaka nondo za dirisha, rangi ikabaki, akazipaka na hizo. Nikamwambia unapoteza rangi bure."

"Sogea, uone kwa macho yako. Gesi inaingilia hapa tu, hakuna mlango mwingine. Lazima kofia ifunguliwe kwa spana, na ukiifungua rangi inapasuka kwenye mshono huu. Pitisha ukucha."

Mzee Lawama alipitisha ukucha. Rangi ilikuwa laini, nzima, kama ganda la yai.

"Kofia hii," fundi akasema taratibu, "haijaguswa tangu mkeo aweke brashi chini."

Mzee Lawama akahesabu kwa vidole. Mara sita! Mara nne alilipa marehemu kwa pesa za ushonaji, mara mbili akalipa yeye.

"Lakini nilikuwa naisikia! Fyuuu, fyuuu!"

"Alikuwa anaifungulia hewani kutoka mtungini mwake."

"Na baridi ilikuwa inarudi!"

"Alikuwa anaosha vile vichujio vya vumbi vya ndani?"

"Bombani, ndiyo."

"Basi hivyo ndivyo vilivyorudisha baridi. Hata wewe ungeviosha, na sabuni ingebaki."

Akafungua mfuniko wa ubavuni, akachomoa kikopo kilichotuna kama kopo la maziwa yaliyochacha. Akasema ni kapasita, ndiyo inayoisukuma kompresa ianze kazi. Kompresa ilikuwa hai, imekosa wa kuiamsha tu. Bei ya kapasita haikufika bei ya kandambili alizovaa mzee. Akaweka nyingine, akawasha. Boksi likakohoa, likanguruma.

Kutoka kitandani, kupitia dirisha, sauti ya mama mkwe ikasikika: "Nani huyo kafungua mbingu?" Kisha akaongeza, "Nimewasikia, mkwe wangu. Neno kwa neno. Usimpigie simu. Si anakuja saa kumi kuchukua pesa? Mwache aje."

Saa kumi shemeji akaja, uso mkunjufu.

"Vipi shemeji, mnunuzi amepatikana?"

Mzee Lawama alimshika mkono. Alimpeleka nyuma ya nyumba, akampa spana iliyoachwa na fundi.

"Nifungulie hapo unapopitishia gesi."

Shemeji akaitazama kofia. Akaisikiliza kompresa ikinguruma, kompresa yake ile maiti.

"Dada alijua," akasema.

"Unasemaje?"

"Alijua. Ndiyo maana alizipaka. Mwaka ule wa rangi, nilipomaliza alikuja huku, akatazama, akanipa pesa, akaniambia, kawanunulie watoto madaftari. Hakuongeza neno. Na kila mwaka ikawa hivyo."

Mzee Lawama aliutazama tena mshono wa rangi. Alimkumbuka mkewe akirudi kutoka nyuma ya nyumba, akinawa mikono, huku yeye kitini akilaani kodi waliyoweka wakubwa kwenye gesi. "Ndivyo, baba," mkewe alikuwa akiitikia. Ndivyo! Kumbe amelala na siri kitanda kimoja miaka minne, na akafichwa kwa sababu mdomo wake ungeitangaza mtaa mzima kabla ya jua kuzama. Hilo lilimchoma kuliko wizi.

"Dada yako alikuwa anakupa," mama mkwe akasema kutoka kitandani. "Huyu umemwibia. Na mimi niliyekuzaa ukanifungia dirisha, nikalala na jasho langu."

"Kazi hakuna, Mama! Watoto wanakula nini?"

Mzee Lawama alifungua kinywa kusema lile analolisema siku zote, kwamba kazi zimeliwa na wakubwa. Lilikuwa kweli tupu, na halikumsaidia kitu.

"Ungeomba," akasema.

"Ungenipigia kelele."

"Ningepiga. Halafu ningekupa."

Shemeji aliiweka spana juu ya boksi, polepole, kana kwamba ni ya moto, akaondoka bila kuaga.

Jioni Mzee Lawama alikwenda dukani, akalichana tangazo. Akatoa bili nyingine, maana bili hazikosekani, akaandika akiegemea mlango, huku mwenye duka akisoma kila herufi juu ya bega lake:

CHERAHANI HAIUZWI TENA. GESI YA KIYOYOZI HAIISHI KAMA YA JIKO. FUNDI AKISEMA KOMPRESA IMEKUFA AKUONYESHE MAITI. AKIKWAMBIA KAA NDANI, TOKA NJE.

"Na wakubwa je?" mwenye duka akauliza. "Leo wamesamehewa?"

"Nimewaachia nafasi hapo chini," alisema Mzee Lawama. "Habari zao haziishi. Leo nina mgonjwa wa kugeuza ubavu."