Nakala Mbili za Msamaha

Kwenye jengo letu kuna meza moja ndogo ambayo haina mwenyewe. Iko katikati ya ushoroba wa ghorofa ya pili, hatua ishirini na sita kutoka mlango wa Rais, hatua ishirini na sita kutoka mlango wa Waziri Mkuu. Msidhani nakadiria. Walikuja watu wawili na kamba ya kupimia, mmoja wa kila upande, na kila mmoja alimtolea mwenzake macho asije akaivuta.

Mimi ni tarishi. Nimebeba majalada humu ndani miaka kumi na tisa, tangu enzi za bosi mmoja. Kisha ikaja Katiba mpya, nchi ikawa shirikisho la majimbo saba, na kila jambo linalogusa majimbo likahitaji saini mbili. Walioiandika walikuwa wasomi kwelikweli, walifikiria mpaka rangi za bendera, ila walisahau kusema nani atangulie kusaini. Hapo ndipo tulipokwama. Anayetangulia ameshajifunga, na mwenzake anaweza kulikalia jalada hata miezi sita huku akiwaambia watu wake kwamba yeye hakukubali. Mwaka mzima nilipanda na kushuka na karatasi zisizo na saini hata moja, na goti langu bovu.

Ndipo makatibu wao wakabuni mtindo wa nakala mbili. Kila upande unapewa nakala yake, unafuta usichokitaka, bosi anasaini. Saa nne asubuhi makatibu wanakutana kwenye ile meza na kusomeana. Zikilingana, wanabadilishana zikasainiwe na bosi wa pili, na mimi natia saini daftarini kuwa nimeshuhudia. Zikipishana hata jina moja, zinachanwa zote mbili, tunaanza upya. Lakini jina likifutwa na pande zote mbili limekwisha, halirudi tena mezani. Nimeona ndoa za ugomvi zenye kuaminiana kuliko hivyo.

Katibu wa Rais tunamwita Suti, maana hata joto likizidi hafungui kifungo. Katibu wa Waziri Mkuu tunamwita Miwani. Anayo ya kusomea, na nyingine nadhani ni ya kukutazamia wewe. Miwani aliwahi kuniuliza kwa nini kila asubuhi naanzia upande wa Rais. Nikamwambia geti liko upande huo. Akaandika kwenye kijitabu chake. Wiki hiyohiyo Suti akaniuliza kwa nini nakawia upande wa Waziri Mkuu. Nikamwambia kule kuna kiti. Naye akaandika.

Basi ikaja orodha ya msamaha. Wafungwa kumi na wanne, wote wa zile vurugu za mipaka ya majimbo. Namba tisa ni kaka yangu.

Tumezaliwa tumbo moja, baba mbalimbali, ndiyo maana majina yetu hayafanani na hakuna aliyejua. Kaka ni mpima ardhi. Kosa lake ni kuweka jiwe la mpaka pale ramani ilipomwonyesha, si pale majimbo mawili yalipotaka, na yote mawili yakamshitaki. Huu mwaka wa tatu yuko ndani. Tarishi mwenye ndugu kwenye kesi kama hiyo hagusi majalada, kwa hiyo ningesema tu ningepelekwa stoo. Nikanyamaza.

Mara ya kwanza upande wa Rais ulifuta namba tatu na namba sita, ule mwingine ukafuta namba nane. Zikachanwa. Mara ya pili wakafutiana wengine, kila upande ukiwaondoa watu uliodhani ni wa mwenzake. Zikachanwa tena. Namba tisa hakuguswa hata mara moja. Hakuwa mtu wa Rais, hakuwa mtu wa Waziri Mkuu. Huo ndio uliokuwa usalama wake, na mimi mjinga sikuuona.

Nyumbani mama alikuwa ananisubiri kila siku kabla sijavua viatu.

"Wametia saini, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Kwani hao hawajui kuandika?"

Kila asubuhi analitoa godoro la kaka kulianika juani, jioni analianua. Daktari ameshamwambia moyo wake umechoka, asibebe kitu. Nikimgombeza ananijibu kwamba godoro halina uzito, uzito uko kwenye kungoja. Siku moja nilimkuta amekaa chini kando ya godoro, mkono kifuani, anahema. Roho iliniuma sana. Kesho yake nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya miaka yote kumi na tisa: nilifungua mdomo.

Nilianzia kwa Suti, kwa sababu geti liko upande huo.

"Mheshimiwa, yule namba tisa nasikia ana mama mgonjwa."

Akaacha kuandika. "Unamjua?"

"Simjui. Nimesikia tu."

"Umesikia wapi, mama?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?" Akanitazama kutoka viatuni mpaka kichwani. "Haya, nimekusikia. Nenda."

Ningeishia hapo, pengine. Lakini miaka yote hiyo nimefundishwa kwamba ukiupa upande mmoja neno, upande wa pili upewe neno hilohilo, siku hiyohiyo, au utaitwa kibaraka. Nikavuta goti langu hatua hamsini na mbili mpaka kwa Miwani, nikamwambia vilevile, neno kwa neno.

"Nani kakutuma, dada?"

"Hakuna aliyenituma."

"Umetokea kule sasa hivi," akasema, akionyesha mlango wa Rais kwa kidevu. "Nimekuona."

"Natoka kule kila siku."

"Ndiyo," akasema. "Kila siku." Akachukua kijitabu.

Nilitoka najipongeza. Nilidhani nimetenda haki pande zote mbili.

Alhamisi, saa nne kamili, makatibu wakakutana kwenye meza. Mimi nilisimama kando na daftari kifuani. Walionekana wamechoka na ule mchezo. Suti akaanza kusoma namba, kila mmoja akitazama karatasi yake.

"Moja."

"Yupo."

"Kwangu yupo. Mbili."

"Yupo."

Tatu yupo. Sita yupo. Nane yupo. Nikaanza kumwona kaka anaingia getini kwetu na mfuko wake.

"Tisa," akasema Suti.

Kila mmoja alingoja mwenzake atangulie.

"Amefutwa," akasema Miwani.

"Hata kwangu amefutwa."

Wakainua macho. Miaka miwili ya meza ile sijawahi kuwaona wakitazamana usoni.

"Na nyinyi pia?" Miwani akauliza. "Sisi tulipata fununu kwamba ni mtu wenu."

"Ajabu! Sisi tuliambiwa ni wenu."

Wakacheka. Wallahi, walicheka, na Suti akafungua kifungo kimoja. Hawakuulizana fununu ililetwa na nani, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumtajia mwenzake chanzo chake. Chanzo chenyewe kilikuwa kimesimama hapo na daftari.

Nilitaka kupiga kelele: ni kaka yangu, nilijituma mwenyewe, mama yetu anahema! Lakini nani angeniamini? Suti angesema nimefundishwa na Miwani, Miwani angesema nimefundishwa na Suti. Na nikigoma kushuhudia, nakala zinachanwa, kumi na tatu wanabaki ndani, na kaka bado amefutwa. Hao kumi na tatu nao wana mama zao.

Nikasaini. Nakala zimelingana.

"Mbona umekunja uso, dada?" akauliza Miwani.

"Ni goti," nikamjibu.

Walibadilishana nakala, kila mmoja akaingiza ya mwenzake kwa bosi wake, na nusu saa haikupita zikatoka na saini zote nne. Nilizibeba mwenyewe mpaka kwa mpiga chapa wa serikali. Sikuwahi kubeba jalada jepesi kiasi hicho, na sikuwahi kuchoka vile.

Nyumbani mama alikuwa amekaa mlangoni.

"Wametia saini?"

Ningeweza kusema bado. Nilikuwa na njia nzima ya kulifikiria hilo, na sikulifikiria.

"Wametia, mama."

Hakuniuliza la pili. Alishika ukuta, akainuka, akaenda uani kulianua godoro, akamtandikie kaka.