Kadi Zilizoandikwa "Ghafla"

Mama mmoja mteja alileta maneno ya kadi za msiba kwenye karatasi ya daftari, akaniomba nisibadilishe hata nukta. Kazi yangu dukani kwa mjomba ni kupanga maneno kwenye kompyuta na kuyasahihisha kabla hayajachapwa. Karatasi ile haikuwa na la kusahihisha: "Binti yetu aliuawa kwa risasi ya mgongoni akitoka kwenye maandamano."

Mjomba aliisoma akiwa nyuma yangu.

"Weka 'alifariki ghafla.'"

"Lakini mama yake amesema..."

"Mama yake hana duka. Wakija kuuliza nani kachapa, watamshika nani? Mdomo uliponza kichwa, mwanangu."

Mimi hata nikiulizwa jina langu huinamisha macho. Nikaandika "ghafla". Vidole vilikuwa vyangu, nisimsingizie mtu.

Jioni mama akaja kuchukua kadi. Alitoa ya juu, akaisoma kwa kidole, taratibu, kama mtu anayechambua mchele.

"Ghafla ndiyo nini, mwanangu?"

Nikajifanya napanga kalamu mezani.

"Kuna mtu alisimama, akalenga, mtoto kampa mgongo. Ghafla iko wapi hapo?"

"Pole sana, dada," mjomba alisema. "Ni lugha ya heshima tu."

"Heshima kwa nani? Kwa aliyelenga?"

Hasira ilinipanda, na haikuwa ya mjomba peke yake. Wiki nzima redio ilisema vijana "wamepoteza maisha", kana kwamba waliyaweka mahali wakasahau. Na mimi, niliyesomea lugha chuoni miaka mitatu, nilikuwa nimewasaidia wanaoficha.

Nikachukua kalamu, nikakata "alifariki ghafla" kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake, "aliuawa kwa risasi ya mgongoni".

"Si ndani ya duka langu," mjomba alisema.

"Sawa, mjomba."

Miguu ilishatangulia. Nikabeba boksi la kadi nje, tukaketi kibarazani, mama upande mmoja, mimi mwingine. Tulikata na kuandika. Mstari wangu ulikuwa mwembamba makusudi, ili kila atakayeshika kadi aone pia neno tulilotaka kumdanganya nalo.

Ndani duka lilikuwa na wateja wawili. Nje watu walianza kusimama, kusoma, kunong'ona. Kama mjomba angechapa ukweli, ungefika msibani tu. Sasa ulikuwa mlangoni kwake, mtaa mzima unausoma.

Fundi viatu wa jirani alisogea.

"Kijana, mbona mnachafua kazi nzuri?"

Mama akampa kadi. Aliisoma, akaisoma tena, kisha akapangusa gundi mikononi kwa aproni yake.

"Mna kalamu nyingine? Ila mwandiko wangu wa kuku."

"Andika hivyo hivyo, baba," mama alisema, akimsogezea boksi. "Kuku hajawahi kutudanganya."